Penye Miti Hapana Wajenzi

Ndugu msikilizaji, ukiingia katika duka la sonara ukaonyeshwa pete yenye jiwe la buluu iliyopauka, mfano wa bahari shwari ya asubuhi, huenda unaonyeshwa akwamarini. Jina hilo limetoka katika Kilatini na maana yake ni maji ya bahari. Husimuliwa kwamba mabaharia wa kale walilibeba liwakinge na dhoruba. Nao wauza vito wa Marekani, walipopanga mwaka 1912 jiwe la kila mwezi wa kuzaliwa, walilitia katika orodha ya mwezi Machi. Leo ya hirizi na tuyaache. Tuulize swali la riziki: jiwe kama hili likitoka ardhini, nani hushiba?

Akwamarini ni ndugu wa zumaridi. Yote mawili ni madini ya berili, ila hili limepata ubuluu wake kutokana na chembechembe za chuma. Zumaridi kwa kawaida huwa na nyufa na mawaa. Akwamarini huweza kuwa kubwa na bado likawa safi kama kioo. Lakini rangi yake ni hafifu. Fundi asiyejua kazi akilikata, litafanana na kipande cha chupa. Fundi hodari akilipangia pembe zake vizuri, mwanga huingia na kurudi, na buluu ikaonekana. Mengi hupashwa moto pia ili ukijani upungue, jambo ambalo wafanyabiashara wa vito hulikubali.

Wewe mwenye pete tayari, ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini. Usiiweke kisanduku kimoja na almasi au yakuti. Ugumu wa akwamarini ni kati ya 7.5 na 8 katika kipimo kinachoishia 10, hivyo hayo mawili yataikwaruza.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1910, huko Marambaia katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazil, ilifukuliwa akwamarini yenye uzito wa kilo 110 hivi. Haikukatwa Brazil. Ilisafirishwa hadi Ujerumani, katika mji wa Idar, ambao leo huitwa Idar-Oberstein, ikakatwakatwa kuwa vito vidogo vya kuuzwa.

Kwa nini Idar? Wenyeji wa bonde lile walikuwa wamekata akiki ya milima yao kwa karne nyingi. Walilala kifudifudi juu ya vigoda vya mbao, wakikandamiza mawe kwenye magurudumu makubwa ya kunolea yaliyozungushwa na maji ya mto, huku vumbi likiwaharibu mapafu. Akiki ilipoadimika, shida ikawatoa kwao. Baadhi yao walihamia Brazil katika karne ya 19, wakakuta akiki tele katika Rio Grande do Sul, wakaanza kuipeleka kwa meli nyumbani. Mawe yao yalikuwa yamekwisha, lakini ufundi wao ulibaki, nao ndio ulioyavuta mawe ya wengine.

Hadithi hiyo ilijirudia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo wa Pedra Azul, humo humo Minas Gerais, watu ambao Mirerani tungewaita wanaapolo, walipata akwamarini yenye urefu wa karibu mita moja. Ikaanguka na kuvunjika vipande vitatu. Kipande kikubwa kilimfikia Mjerumani Bernd Munsteiner, fundi wa eneo lile lile la Idar-Oberstein, naye akakichunguza kwa miezi kabla ya kukikata. Kito kilichopatikana kina urefu wa sentimita 35 na uzito wa karati 10,363, yaani zaidi ya kilo 2. Kimeitwa Dom Pedro, jina la wafalme wawili wa Brazil, na mwaka 2012 kiliwekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Kwa hiyo Brazil ilitoa jiwe na jina, Ujerumani ikatoa fundi, Marekani ikapata la kuonyesha.

Ndugu msikilizaji, hayo si mageni kwetu. Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imekatwa Jaipur, India. Mwaka 2018 ukuta ulikamilika kuizunguka migodi. Ni jambo jema, kwani ukuta huzuia jiwe lisitoroshwe. Lakini ukuta haumfundishi kijana kulikata. Arusha kipo kituo cha serikali kinachofundisha kazi hiyo. Tukihesabu kilo zinazotoka mgodini, tuhesabu pia mafundi wanaotoka pale, maana watu wa Idar walimaliza mawe yao na bado wakala kwa mikono yao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.