Nyumba ya Kwihara

Ndugu wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, jioni ya leo nataka kusema habari za nyumba moja ya kale isiyo mbali sana nanyi. Mtu akipanda gari moshi Shinyanga kwenda kusini, kwa reli ile iliyofika Mwanza mwaka wa 1928, atashuka Tabora. Na kutoka mjini hata Kwihara ni kilomita chache tu, katika nchi iliyoitwa Unyanyembe. Hapo lipo tembe ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho.

Machoni penu halitakuwa geni: kuta nene za udongo, na dari bapa. Mlango wa nakshi ndio unaoonyesha mkono wa pwani, kwani wenye mahali walikuwa Waarabu, wafanyaji biashara ya pembe na watumwa. Tembe la kwanza lilibomoka, na hili limejengwa upya. Ndani mna picha na nakala za maandishi; nje kuna miembe. Mwenye haraka atalimaliza kwa nusu saa, lakini afadhali asiwe na haraka.

Bwana Stanley alikaa Kwihara mwaka wa 1871, vita vya Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji. Mwezi wa Februari 1872 alirudi pamoja na Dokta Livingstone, na mwezi wa Machi akashika njia ya pwani. Mzee akabaki peke yake na watu wake, akingoja wapagazi miezi mitano. Walipofika, watu 57, akaondoka nao tarehe 25 Agosti. Hakurudi tena akiwa hai.

Wengi husimulia mpaka hapo, wakafunga kitabu. Mimi naona neno kubwa la nyumba hii ni la mwaka uliofuata.

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba wakafika Kwihara. Huko walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Akawashauri wamzike papo hapo, maana watu wa njiani, hasa Wagogo, wangeweza kuzuia maiti isipite. Shauri lenyewe halikuwa la kipumbavu, naye alikuwa ofisa, nao wapagazi. Wakakataa: bwana wao atazikwa kwao. Cameron alitwaa vyombo vya kupimia kutoka katika masanduku ya marehemu, mwili hawakumwachia.

Ile hofu ya njiani ikawa kweli. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Basi wakajifanya kukubali kurudi nyuma. Wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga sanda kwa urefu wa mtu, na watu sita wakashika njia ya Unyanyembe na mzigo ule, kama waendao kuzika. Walipofika mbali wakautupa porini, wakarudi mmoja mmoja kwa siri. Mwili wenyewe ulikwisha fungwa upya mfano wa mtumba wa nguo, nao ukapita kama mizigo mingine yote.

Wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster. Katika waliomchukua kutoka kwa Chitambo, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi limekwisha funikwa. Wakakaa na Bwana Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za marehemu, wakamweleza mambo yote hatua kwa hatua; na ndiyo sababu habari ya mabua ya mtama inajulikana hata leo.