Mguu wa Farasi, Mguu wa Mpagazi: Somo la Iringa, 1916

Ukipanda basi kutoka Iringa kwenda Mbeya utaona ng'ombe, mbuzi, punda na bodaboda wasiohesabika. Farasi humwoni. Wapo wachache kwenye mashamba ya Mufindi, lakini wengi wetu tulimjua farasi kwenye filamu. Na kwenye filamu kuna tukio moja linalojirudia: farasi anaanguka, mguu unavunjika, mwenyewe anamtazama kwa huzuni, halafu bunduki inalia.

Kila mtoto anayeona tukio hilo huuliza swali moja: sasa kwa nini wasimfunge plasta? Binadamu akivunjika mguu anafungwa, anapewa magongo, baada ya miezi anacheza mpira. Farasi kakosa nini?

Swali ni zuri kuliko linavyoonekana. Jibu lake linaanzia kwenye mifupa, linapita katika vita iliyofika Iringa na Tukuyu mwaka 1916, na linaishia kwa watu ambao historia imewataja kwa hesabu tu, bila majina.

Mnyama anayesimama juu ya kidole

Farasi wa kupandwa ana uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi. Takriban asilimia 60 ya uzito huo hubebwa na miguu ya mbele. Na kila mguu unasimama juu ya kidole kimoja tu, kile cha kati, na ukwato ndio ukucha wake. Hata lile tunaloliita goti la mguu wa mbele, ukifuata mpangilio wa mifupa, ni sawa na kifundo cha mkono wako.

Chini ya hapo karibu hakuna msuli. Kuna mfupa, kano na ngozi, basi. Ndiyo siri ya mbio zake: mguu mwepesi huinuka haraka. Lakini faida hiyo ina gharama. Mfupa ukivunjika hakuna nyama ya kuushikilia, na damu inayofika hapo ni kidogo. Mara nyingi mfupa hupasuka vipande vipande, ncha kali zikatoboa ngozi, na uchafu ukaingia kwenye jeraha.

Tuseme umeweza kuuunga. Tatizo la pili ni kwamba mgonjwa huyu hawezi kulazwa kitandani. Farasi akilala chini kwa muda mrefu, uzito wake mwenyewe unabana misuli na mapafu yake. Lazima asimame. Akisimama akiukwepa mguu mbovu, mguu wa upande wa pili unabeba mzigo usiku na mchana.

Hapo ndipo penye mtego. Ndani ya ukwato, mfupa umeshikamana na ukuta wa ukucha kwa tabaka laini zenye mikunjo mingi. Damu ya humo hutembea vizuri pale mguu unapoinuliwa na kukanyagwa tena. Mguu ukikanyaga bila kupumzika, tabaka hizo hukosa damu, huuma, na hatimaye huachia. Ugonjwa huu unaitwa laminaitisi. Yaani unaweza kuuponya mguu uliovunjika ukampoteza farasi kwa sababu ya mguu uliokuwa mzima.

Kwa hiyo farasi aliyevunjika mguu anahitaji mambo matatu: upasuaji anaoweza kuamka nao salama, miguu mitatu inayoweza kuvumilia, na mtu aliye tayari kumngoja kwa miezi. Shika hayo matatu, tutarudi kwayo.

Wapanda farasi waliofika kwa miguu

Machi 1916, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliongoza jeshi la Waingereza kuingia Afrika Mashariki ya Kijerumani kutokea upande wa Kilimanjaro. Alitegemea sana farasi. Mpango ulikuwa askari wapanda farasi wawazunguke Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck na kuwakatia njia. Jaap van Deventer aliongoza wapanda farasi hao hadi Kondoa Irangi mwezi Aprili, katikati ya masika. Mwisho wa Julai walikuwa Dodoma, na Agosti wakafika Kilosa.

Kutoka kusini-magharibi, Jenerali Edward Northey alivuka mpaka wa Nyasaland mwezi Mei. Akachukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, akapanda hadi Njombe, na tarehe 29 Agosti 1916 jeshi lake likaingia Iringa. Yeye alitegemea zaidi askari wa miguu na wapagazi.

Farasi wa Smuts walipatwa na nini? Wengi hawakuishi hata kufika kwenye swali la mguu kuvunjika. Mbung'o waliwamaliza kwanza.

Wanasayansi walishajua sababu. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari David Bruce alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa wa nagana unatokana na vimelea vya tripanosoma, vinavyobebwa na mbung'o. Farasi akiambukizwa anapata homa, anaishiwa damu, anakonda akiwa anakula, halafu anaanguka. Dawa ya kumponya haikuwepo.

Juu ya hapo kulikuwa na tauni ya farasi, ugonjwa wa virusi ambao katika miaka ya 1854 na 1855 ulishaua farasi wapatao 70,000 huko Rasi, Afrika Kusini. Farasi anaweza kuamka akiwa na afya, na baada ya muda mfupi akawa anatoa povu puani. Wakulima wa Afrika Kusini walijua kwa uzoefu kwamba farasi aliyefungiwa zizini usiku, mahali pa juu penye baridi, ana nafuu. Miaka ya 1940 ndipo ilipothibitishwa kwamba wabebaji wa virusi hivyo ni visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni.

Ukiangalia ramani utaona kejeli ya mambo haya. Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita 1,700. Ni nchi ya baridi, yenye malisho na mbung'o wachache. Kama kuna pahala Tanzania ambapo farasi angepona, ni huku. Lakini ili afike Iringa kutoka kaskazini ilibidi apite mabonde ya joto, pori la Kilosa na bonde la Ruaha, kwenye makao ya mbung'o. Aliyefanikiwa kupanda mlima alikuwa ameshabeba kifo kwenye damu.

Hesabu zinazonukuliwa na wanahistoria zinatisha. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, miezi miwili tu, jeshi la Smuts lilipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu wa kufugwa 10,000 (yaani watoto wa punda na farasi), ng'ombe 11,000 na punda 2,500. Wapanda farasi wakawa watembea kwa miguu.

Kule Ufaransa, katika vita hiyohiyo, hospitali za wanyama za jeshi la Uingereza zilitibu farasi kwa mamia ya maelfu na kuwarudisha wengi kazini. Huku kwetu hesabu ilikwenda kinyume: ilionekana rahisi kuleta farasi mwingine kuliko kumtibu huyu. Katika mazingira hayo nani angekaa miezi minne akimngoja farasi mmoja apone mguu? Risasi ndiyo ilikuwa huruma pekee iliyopatikana njiani.

Kungoja kulikuja baadaye

Yale mambo matatu yalipatikana polepole, na mbali na hapa.

Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi waliunda kikundi cha kutafiti jinsi ya kuunga mifupa ya binadamu kwa vyuma bapa na skrubu, ili mfupa utulie kabisa wakati unapona. Madaktari wa wanyama waliichukua mbinu hiyo. Na dawa mpya za nusukaputi zilizoanza kutumika miaka ya 1950 zikafanya upasuaji mrefu wa farasi uwezekane.

Agosti 1972, farasi maarufu wa mbio wa Uingereza, Mill Reef, alivunjika mguu wa mbele akiwa mazoezini. Akapasuliwa, mfupa ukaungwa kwa chuma na skrubu, mguu ukafungwa plasta. Akapona. Waliomtunza walisema utulivu wake ulisaidia sana: hakupigana na plasta. Hakurudi kwenye mbio, lakini aliishi na kuzalisha hadi 1986.

Ruffian, farasi jike wa Marekani, hakuwa na bahati hiyo. Julai 1975 alivunjika mguu katikati ya mashindano, akapasuliwa usiku uleule. Alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi alianza kurusha miguu kana kwamba bado anakimbia, akaharibu kazi yote, ikabidi auawe. Usimlaumu. Farasi ni mnyama anayewindwa, na akiamka hajielewi, mwili wake unamwambia jambo moja tu: kimbia. Katika miaka hiyo ya 1970, hospitali ya New Bolton huko Pennsylvania ilibuni njia ya kumwamsha farasi akiwa ananing'inia ndani ya bwawa la maji, miguu ikiwa kwenye mifuko ya mpira. Akipiga mateke anapiga maji.

Hospitali hiyohiyo ilimpokea Barbaro, bingwa wa Kentucky Derby, Mei 2006. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa umevunjika vibaya. Daktari Dean Richardson aliuunga kwa chuma na skrubu 27, na Barbaro akaamkia bwawani salama. Lakini Julai ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao haukuvunjika, ukashikwa na laminaitisi. Walipambana kwa miezi, kuna wakati ilionekana ameshinda, halafu hali ikageuka. Januari 29, 2007 wakamlaza kwa sindano.

Barbaro alipata karibu kila kitu ambacho sayansi ingeweza kutoa, na bado mguu wa pili ulimshinda. Lakini angalia pia ni nani aliyengojewa. Mill Reef na Barbaro walikuwa na thamani kubwa kwa mbegu zao. Kungoja kuna bei, na wao walikuwa na wa kuilipa.

Na wapagazi je?

Turudi Iringa. Farasi na nyumbu walipokufa, vita haikusimama. Mizigo ilibaki palepale: unga, risasi, dawa, vipande vya mizinga. Ikahamia kwenye miguu ya watu.

Fanya hesabu hii nyepesi. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Askari aliye mbele anapata kilo 5. Ukitaka kumlisha askari huyo mwezi mzima, unahitaji wapagazi sita. Ndiyo maana jeshi dogo lililopita Tukuyu, Njombe na Iringa lilihitaji umati wa watu nyuma yake, kutoka pwani ya Ziwa Nyasa hadi juu milimani.

Kwa vita nzima ya Afrika Mashariki, Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao kwa kulazimishwa. Hesabu rasmi inataja zaidi ya 95,000 waliokufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu wa pwani na wa mabonde walipandishwa kwenye baridi ya nyanda hizi bila nguo za kutosha. Funza waliingia miguuni, vidole vikaoza, na mtu asiyeweza kutembea alikuwa mzigo kwa wenzake. Mpagazi hakuhitaji chuma wala skrubu 27. Mengi ya yaliyomuua yalikuwa na kinga au tiba hata wakati ule: blanketi, maji yaliyochemshwa, kwinini, chakula kilichoiva vizuri na siku chache za kupumzika. Miguu yake ilikuwa rahisi kuitunza kuliko ya farasi yeyote.

Ukiwa Dar es Salaam, jina la Kariakoo linatokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale. Na katikati ya jiji, kwenye Mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1927, maandishi yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi.

Kila mara ninapopita pale nasoma hilo neno miguu. Tunajua Mill Reef aliumia mguu upi, na skrubu za Barbaro zimehesabiwa moja moja. Wale waliobeba unga kutoka Mwaya hadi Njombe wanaongelewa kwa makadirio, na wajukuu wao bado wako kwenye vijiji vya Rungwe, Njombe na Iringa. Kama babu au bibi yako aliwahi kusimulia habari za mtu wa ukoo aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita akarudi, au asirudi, muulize jina lake uliandike.