Lengelenge si la Kudharauliwa

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili nataka tuzungumzie ufa mdogo kabisa katika mwili wa mwanadamu, ambao wengi wetu tunaudharau. Nao ni lengelenge. Ili tuuelewe vizuri, naomba twende pamoja hadi Same, chini ya Milima ya Upare.

Huko historia imeandikwa kwa nyayo. Kilele cha Shengena kina urefu wa zaidi ya mita 2,400, na mji wa Same uko chini kabisa, penye joto na vumbi. Kabla ya reli ya kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911, mizigo ya misafara iliyopita tambarare hizo ilibebwa zaidi na vichwa vya watu. Hata reli ilipokuja, miguu haikupumzika. Mwishoni mwa Mei 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yaliwafukuza askari wa Lettow-Vorbeck kwa kufuata reli na Mto Pangani, yakasafiri kiasi cha kilometa 200 kwa siku kumi hivi. Vita vile viliendeshwa kwa migongo ya wapagazi, wengi wao wakitembea pekupeku. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao.

Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Na kabla ya maradhi hayo makubwa, wengi walidhoofishwa na madogo: funza, vidonda na malengelenge ya miguuni. Mpagazi aliyeshindwa kutembea aliachwa nyuma, na kuachwa nyuma mara nyingi kulikuwa mwanzo wa mwisho wake.

Miguu hiyo hiyo ndiyo iliyowashusha Wapare kwa maelfu kutoka milimani hadi Same mwezi Januari 1945, kupinga kodi ya mbiru. Waliweka kambi mbele ya ofisi za serikali ya kikoloni, na kodi ile hatimaye ikaondolewa. Nani atasema mguu ni kiungo kidogo?

Pengine msikilizaji atadhani hayo ni masaibu ya watu wasio na viatu. La hasha. Mwishoni mwa Juni 1924, kijana wa miaka 16, Calvin, mtoto wa Rais Coolidge wa Marekani, alicheza tenisi katika uwanja wa Ikulu ya nchi yake. Alivaa viatu bila soksi. Akapata lengelenge katika kidole cha mguu, vijidudu vikaingia, sumu ikaenea katika damu. Alifariki tarehe 7 Julai, na madaktari bingwa wa taifa tajiri wakiwa kando ya kitanda chake. Penisilini ilikuwa bado haijajulikana. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, na ilianza kutumika kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili.

Sasa tujiulize, lengelenge ni nini? Ngozi ina matabaka. Inaposuguliwa na kiatu kipya, mpini wa jembe au panga la kukatia mkonge, matabaka hayo huachana, na nafasi iliyobaki hujaa maji. Jasho huongeza msuguano. Anayeteremka mlima humenywa zaidi, maana vidole husukumwa mbele ya kiatu na kisigino huteleza. Moto, uji na mafuta ya kukaangia nayo huleta malengelenge. Yako pia yanayoletwa na maradhi, kama tetekuwanga na mkanda wa jeshi.

Ngozi ile ya juu inayofunika maji ndiyo bandeji ya kwanza, tena haina gharama. Chini yake ngozi mpya inajijenga. Anayeitoboa kwa mwiba au sindano chafu anawafungulia mlango vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda.

Kwa hiyo nasema, lengelenge lisitumbuliwe ovyo. Lioshwe kwa sabuni na maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi. Likipasuka lenyewe, ngozi yake isibanduliwe. Lioshwe na kufunikwa upya kila siku. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, na asipakwe dawa ya meno, mafuta ya taa wala majivu. Kiatu kipya kizoewe kidogo kidogo, na soksi ziwe kavu. Ukiona usaha, wekundu unaosambaa, homa au mtoki, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili. Tangu penisilini ije, tumejenga kiburi. Wapo wanaonunua vidonge viwili vitatu dukani bila cheti, na wapo wanaofungua dawa ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Vijidudu vinavyopigwa nusu nusu hujifunza kupigana, na tayari vipo ambavyo dawa za zamani haziviwezi. Tukiendelea hivyo, tutajirudisha wenyewe mwaka 1924, wakati fedha na madaktari wa Ikulu havikutosha kumwokoa kijana mmoja.

Mpagazi wa 1916 hakupewa sabuni, kiatu wala ruhusa ya kupumzika. Sisi tunavyo, au tunaweza kuvipata. Tuvitumie. Dawa tuitunze kwa ajili ya siku ambayo maji na sabuni vitashindwa.