Fundi Aliyeanza Kusoma Akiwa na Miaka 18

Wanafunzi wa kisomo cha watu wazima! Wekeni kalamu chini kidogo. Leo ni somo la historia.

Huenda jana mmoja wenu alirudi nyumbani akisema moyoni, "Mimi ni mtu mzima, herufi hizi zitanifaa nini sasa?" Basi msikilize habari za George Stephenson, mjenzi wa njia za reli.

Stephenson alizaliwa mwaka 1781 katika kijiji cha Wylam, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa akitia makaa katika mtambo wa mvuke uliovuta maji kutoka shimo la makaa ya mawe. Mshahara wake haukutosha kuwapeleka watoto shule. George alichunga ng'ombe wa watu, kisha akaingia kazini kama baba yake. Alipofika miaka 17 alikabidhiwa mtambo auangalie. Aliufungua, akausafisha, akajua kazi ya kila chuma. Lakini habari za mitambo mipya zilikuwa vitabuni, naye hakujua hata kuandika jina lake.

Alifanya nini? Alifanya kama mfanyavyo ninyi. Alipokuwa na miaka 18 alikwenda kwa mwalimu wa usiku baada ya kazi, akalipa ada kwa mshahara wake mdogo. Alipofika miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Hesabu alizifanya juu ya kibao, kando ya mtambo wake.

Faida ilikuja polepole. Mwaka 1811 mtambo wa kuvuta maji katika shimo moja la Killingworth uliwashinda mafundi. Stephenson akautengeneza, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha fundi mkuu. Mwaka 1814 aliunda gari la moshi lililovuta mzigo wa tani 30 mlimani. Tarehe 27 Septemba 1825 ikafunguliwa reli aliyoijenga kati ya Stockton na Darlington.

Lakini mwaka huo huo alipata aibu kubwa. Aliitwa Bungeni, London, kueleza mpango wa reli ya kutoka Liverpool mpaka Manchester. Wakili akamwuliza juu ya vipimo vya mwinuko wa nchi. Vilikuwa na makosa! Wasaidizi wake ndio waliopima, naye hakuvihakiki. Mpango ukakataliwa, na kazi ya kupima upya ikapewa wengine.

Je, alikata tamaa? La. Mwaka 1826 Bunge likaukubali mpango mpya, na wenye kampuni wakamwita tena aje ajenge. Njiani palikuwa na kinamasi kikubwa, Chat Moss. Alitandaza matawi na vichaka juu ya tope, reli ikapita juu yake. Ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830.

Mwanawe, Robert, alimpeleka shule. Jioni baba na mtoto walisoma pamoja vitabu vya mtoto. Robert naye akawa injinia mashuhuri. Ndiye aliyesimamia kuundwa kwa gari la moshi Rocket, lililoshinda mashindano ya mwaka 1829.

Stephenson alifariki mwaka 1848, lakini kipimo chake kingali kikitumika. Upana kati ya vyuma viwili vya reli zake, alioutoa katika njia za magari ya makaa, ni milimita 1,435. Reli ya zamani ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilikuwa na upana wa meta moja. Reli mpya za Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2017, na Tanzania, mwaka 2024, zimejengwa kwa kipimo cha Stephenson.

Ndugu zangu, mikono yake ilijua kazi kabla ya kujua herufi. Elimu ya usiku haikuifuta kazi ya mikono, iliiongezea nguvu. Tena kumbukeni Bunge: ukijua hesabu, ihakiki mwenyewe.

Maswali
1. Stephenson alilipaje ada ya shule?
2. Kwa nini mpango wake ulikataliwa mwaka 1825?
3. Katika kazi yako, ni hesabu gani unayomwachia mwingine?