Nyumba Mbili za Mlimani: Moja Urithi, Nyingine Aibu

Ninapotaja "nyumba ya mlimani" mbele ya wanafunzi wangu hapa Chang'ombe, picha inayowajia wengi ni shale ya Uswisi: kuta za magogo, upenu mpana, theluji juu ya paa. Hata wenye asili ya Kilimanjaro huona hivyohivyo. Kwangu mimi hili ni suala la kisiasa.

Hebu tulinganishe. Mkulima wa milima ya Alps aliishi na ng'ombe chini ya paa moja: mifugo chini, watu juu, majani makavu darini. Joto la wanyama lilimsaidia kuvuka majira ya baridi. Mchaga wa Marangu na Rombo naye alijenga msonge ulioezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, ili mvua iteleze isipenye. Ndani, ng'ombe walikaa upande mmoja na kitanda upande mwingine. Moshi wa mafiga ulikausha chakula kilichohifadhiwa darini, na samadi ilirutubisha migomba ya kihamba. Nyumba moja ilikuwa makazi, zizi na ghala. Mafundi wasiojuana walilijibu swali la mlima kwa akili inayofanana.

Kilichozitenganisha nyumba hizi ni historia. Mwaka 1896, katika Maonyesho ya Taifa mjini Geneva, Uswisi ilijenga kijiji kizima kuonyesha kwa fahari nyumba za wakulima wake. Miaka minne baadaye, mwaka 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi. Taifa lililojitawala lilikuwa na uwezo wa kuita nyumba yake urithi. Jamii iliyotawaliwa ilifundishwa kuiona yake kuwa ushenzi. Kisha kahawa ikaleta fedha, chama cha ushirika cha KNCU kikaanzishwa mwaka 1933, na saruji na mabati vikawa alama ya maendeleo.

Uhuru haukulimaliza jambo hili. Katika njia ya Marangu, kituo cha wapanda mlima kilichoitwa Bismarck sasa ni Mandara, na kilichoitwa Peters sasa ni Horombo. Majina ni ya watawala wa Kichaga, lakini vibanda vya mbao vyenye mapaa ya mteremko mkali vilijengwa kwa msaada wa Norway. Tulibadili jina, umbo tukaliacha.

Sisemi turudi kulala na ng'ombe. Moshi ule uliumiza macho na vifua. Uswisi nayo haikurudi huko. Ilichofanya ni kuwaheshimu mafundi wake wa kale, kujifunza kwao, na kuendelea kujenga. Sisi tuliruka hatua ya kujifunza. Leo msonge umejengwa upya Marangu ili watalii wautazame, ilhali wazee wanaojua kuufunga wanazidi kupungua. Vyuo vyetu viwafuate wazee hao sasa, kabla mtoto wa Kichaga hajalazimika kulipa kiingilio ili aijue nyumba ya babu yake.