Mbabe wa vita hazaliwi porini

Tukisikia "mbabe wa vita", wengi wetu tunawaza mtu wa pori asiyejua hata kuandika jina lake. Mimi pia nilifikiri hivyo, paka siku nilipofuata vizuri historia ya Thomas Lubanga. Alizaliwa 1960 mu teritwari yetu ya Djugu, akasomea saikolojia kwenye Iniversite ya Kisangani. Ana diploma kama sisi.

Sasa alipandaje? Kuna mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza ni udongo. Mu 1999 ugomvi wa mashamba kule Djugu, kati ya Wahema na Walendu, uligeuka vita. Sheria ya ardhi ya 1973 ilikuwa imefungua mlango: mwenye kujua ofisi na karatasi aliweza kupata hati ya udongo ambao wengine wanaulima.

La pili ni mgeni mwenye bunduki. Jeshi la Uganda ndilo lilishika Ituri. Mu Juni 1999 jenerali wake, James Kazini, akaunda provinsi ya Kibali-Ituri na kuteua gavana. Ukitaka cheo, unapatana naye. Lubanga alipewa mambo ya ulinzi katika RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, kisha wakaachana, akasimama na UPC yake. Mu Agosti 2002 UPC, ikisaidiwa na Waganda, ikamfukuza gavana Molondo Lompondo na kushika Bunia. Lakini urafiki ule haukufika mbali: Machi 2003 Waganda wale wale wakaifukuza UPC mu muji.

La tatu ni kadogo. Bila watoto, hakuna jeshi. Juu ya hiyo, mu 2012 CPI ya La Haye ilimhukumu miaka 14 kwa kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile. Na asiseme mtu ni upande mmoja tu: Germain Katanga wa FRPI alipata miaka 12 juu ya shambulio la Bogoro.

Lakini mimi ninaongeza la nne: ni sisi. Bunduki haiandiki statuti, wala komunike, wala hotuba ya redio. Kila mara kuna msomi anayeshika kalamu.

Lubanga alitoka gerezani 2020. Mu 2025 akatangaza kundi jipya, CRP. Na sisi tuko hapa Bunia, diploma iko ndani ya sanduku, kazi hakuna. Mimi mwenyewe ninaijua ile hali ya kuomba mama pesa ya moto.

Siku moja simu inaweza kulia: "Mkubwa, tunatafuta msemaji, cheo kipo." Wewe utajibu nini? Afadhali tujibu leo, wakati simu bado haijalia.