Tope la Morogoro Halijali Bei ya Gari: Kutoka Wapagazi hadi Mashangingi

Ukisimama Msamvu, mjini Morogoro, asubuhi ya Aprili, mvua ikiwa imekatika kidogo, utaona nchi nzima ikipita mbele yako. Barabara inayotoka Dar es Salaam hugawanyika hapa. Moja hushika njia ya Dodoma na Kanda ya Ziwa, nyingine huelekea Mikumi, Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma. Yanapita mabasi, malori ya Zambia na Kongo na bodaboda zilizofungwa mikungu ya ndizi. Katikati yake yanapita mashangingi, yale magari makubwa ya kifahari yenye vioo vyeusi, mengine yakikata kona kuelekea Matombo, mengine yakienda Mgeta, huko kwenye milima ya Uluguru.

Gari kama hilo likiinuliwa kwa jeki kwenye kibanda cha pancha, mara nyingine fundi hukuta ubavuni mwa tairi kichoro kidogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ni alama ya tairi la majira ya baridi. Theluji ya Tanzania iko kileleni Kilimanjaro, ambako hakuna gari linalopanda. Tairi hilo limefikaje Morogoro, mji ambao baridi yake kali kabisa ni ya kujifunika khanga alfajiri ya Julai?

Jibu lake ni refu kuliko safari ya meli moja. Kwa zaidi ya miaka 150, kila zama zimeleta hapa gurudumu lililobuniwa kwa ardhi nyingine, na kila mara hukumu imetolewa na tope.

Kigari juu ya kichwa

Katika karne ya 19 Morogoro ilijulikana kwa ngome ya Kisabengo, kisha ya binti yake Simbamwene, iliyokaa chini ya milima ya Uluguru kwenye njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga na baruti, vyote vilisafiri mabegani na vichwani mwa watu. Gurudumu lilikuwa linajulikana pwani, lakini mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi ambao wangelivuta, na njia zenyewe zilikuwa za kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871, masika yakiwa yamepamba moto, akimtafuta mmisionari Livingstone. Alikuwa ametengeneza kigari chembamba cha kusukumwa, akiamini kitapita kwenye vijia hivyo. Baada ya mateso ya tope, alimwona mpagazi mmoja akija amekibeba kigari chote kichwani, magurudumu na ekseli yake, kwa kuwa kukibeba kulikuwa rahisi kuliko kukivuta. Stanley akaamuru kitupwe kwenye matete.

Miaka mitano baadaye, 1876, mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alifanya jaribio la kusafiri na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kaskazini ya Morogoro. Jaribio likampa moyo. Mwaka uliofuata magari ya ng'ombe yaliletwa kwa safari yenyewe, ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi.

Waluguru hawakuhitaji somo hilo. Mpaka leo wanawake hushuka kutoka vijiji vya mlimani wakiwa na mikungu ya ndizi kichwani, kwa vijia ambavyo gari lolote lingeshindwa. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, mguu peku hujua pa kukanyaga, kwa sababu vidole hujikita ardhini na tope halidumu kwenye unyayo. Kanuni hiyo tutaikuta tena mbele.

Mpira, reli na vita

Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alisajili tairi la mpira lenye upepo ndani. Dunia ikataka mpira kwa pupa. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji pupa hiyo ilikata mikono na kuangamiza vijiji. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilileta mashamba ya mti wa mpira wa Ceará, jamaa wa muhogo, hasa upande wa Tanga na pia kando ya Reli ya Kati. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Lakini mwaka 1913 mpira wa Asia, uliokuwa bora na rahisi, uliporomosha bei, na mashamba mengi ya huku yakafa. Nchi iliyotoa utomvu wa tairi ilikuwa bado na magari machache mno ya kulivaa.

Magari mengi yalikuja na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kuizunguka Uluguru kuelekea Kisaki na Rufiji. Waingereza walikuwa na malori na magari mepesi ya Ford. Wajerumani nao walikokota mizinga ya meli yao ya kivita Königsberg, iliyoangamizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, ikiwa imewekewa magurudumu na kuvutwa na mamia ya watu. Mvua za mwanzoni mwa 1917 ziliposhuka, injini zikanyamaza kwenye mabonde na mzigo ukarudi tena kichwani mwa mpagazi. Waingereza waliwaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambako mboga za Mgeta huuzwa leo, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps.

Njia ya jehanamu

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake kusini kupitia Rhodesia, ikageukia Dar es Salaam. Malori yakaanza kumiminika kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa yakiwa yamesheheni mapipa, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Wakati wa mvua lori lililokwama lilifunga njia kwa yote yaliyokuwa nyuma yake.

Hapo dereva wa Afrika Mashariki alikuwa na tairi lake la majira mabaya, nalo lilikuwa mnyororo. Minyororo ilifungwa kuzunguka tairi ili vipande vya chuma viume udongo, kisha ikafunguliwa kwenye sehemu kavu. Utingo aliyejua kuifunga haraka alikuwa mali.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata katikati ya muongo huo. Hata hivyo mafuta hayakuacha kupita barabarani. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa Msamvu, likalipuka wakati watu wakichota petroli iliyomwagika, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mji huu hauhitaji kukumbushwa kwamba gari ni kitu cha hatari.

Tairi letu wenyewe

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Tanzania ilijaribu kulijibu swali la tairi kwa mikono yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ubia wa Serikali na kampuni ya Marekani, kilianza kuzalisha matairi yaliyokusudiwa barabara zetu, na mashamba ya mpira yakaanzishwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga, Kilombero, ndani ya Mkoa wa Morogoro. Kwa muda mfupi ikawezekana utomvu wa Kilombero urudi nyumbani ukiwa tairi la lori. Wazee wa usukani wanayasifu matairi yale mpaka leo kwa ugumu wake.

Zilipokuja dhiki za mwanzoni mwa miaka ya 1980, tairi likawa kitu cha kibali na cha kujuana. Lilivishwa mpira upya likarudi barabarani, na lilipokwisha kabisa likakatwa likawa katambuga, ndala za tairi zinazovaliwa shambani na machungani. Uchumi ulipofunguliwa, matairi ya nje yakajaa sokoni, na mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha Arusha kilikuwa kimesimama. Tangu hapo tunachagua katika vilivyotengenezwa kwa ajili ya wengine.

Theluji yafika bandarini

Huko Ufini, wao walikuwa wamejiuliza swali lao mapema. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha mji wa Nokia kilitoa tairi la lori lenye meno ya kupasua theluji, na mwaka 1936 likafuata la magari madogo lililoitwa Hakkapeliitta. Baadaye nchi za baridi zikatunga sheria. Jimbo la Quebec nchini Kanada, kwa mfano, lililazimisha matairi ya baridi tangu 2008, na Mtanzania anayeishi Montreal hubadilisha matairi kila mwaka kama sisi tunavyobadilisha majira ya kilimo.

Japani ilipita njia yake. Matairi yenye misumari yalikwangua lami hadi miji ya kaskazini kama Sendai ikajaa vumbi, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyadhibiti. Mahali pake pakachukuliwa na tairi laini lisilo na misumari, lenye mikato midogo mingi. Tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, na magari yao yaliyotumika ndiyo yaliyojaza barabara zetu. Prado au Harrier iliyokuwa ikiishi kaskazini hushushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa bado imevaa viatu vya nyumbani. Hivyo vumbi la Sendai limeingia, kwa njia ya kuzunguka, kwenye kibanda cha pancha cha Msamvu.

Wakati huohuo gari kubwa likawa alama ya cheo. Landrova ya bwana shamba, gari la kazi lisilo na mapambo, ilipisha Land Cruiser VX, nayo mitaa ikaipa jina la shangingi. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, alikemea hadharani gharama ya magari hayo. Lakini mazungumzo ya mashangingi huhusu bei, injini na viti vya ngozi. Sehemu nne ndogo zinazogusa ardhi, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja, hazizungumzwi.

Kukumbatia na kutema

Tairi la theluji hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Mikato yake myembamba huikumbatia theluji, kwa kuwa theluji hushikana na theluji. Tope la Uluguru ni kinyume chake. Udongo mwekundu ukijaa kwenye mikato hiyo, tairi hugeuka duara laini lililopakwa mfinyanzi, na gari la mamilioni huteleza kama sabuni. Tope hutaka tairi lenye mapengo mapana, la kulitema kila linapozunguka, kama unyayo wa yule mama wa mlimani. Na kwenye lami ya Dodoma yenye jua kali, mpira laini wa baridi hulika upesi, hutikisika kwenye kona na huchelewa kusimama.

Mwenye shangingi anayepita Msamvu aanze basi na njia yake. Anayeishi kwenye lami kati ya Dar es Salaam na Dodoma anatosheka na tairi la barabara kuu linalostahimili joto na kuondoa maji vizuri. Anayepanda Nyandira au Kinole mara kwa mara atafute tairi la njia mchanganyiko, lile lenye herufi A/T. Lile la tope tupu, M/T, lina kashata kubwa na linafaa kwa anayeshinda porini upande wa Kisaki, ila kwenye lami lina kelele na kwenye lami iliyolowa halishiki vizuri. Herufi M+S zisikupumbaze. Maana yake ni tope na theluji, lakini huandikwa kwa kuangalia umbo la meno, bila kulazimu jaribio lolote la topeni.

Rimu nayo ni hoja. Inchi 21 au 22 hupendeza maegeshoni, lakini huacha ukuta mfupi wa mpira, na shimo moja hupasua tairi na kupinda rimu. Ya inchi 17 au 18 humpa mpira nafasi ya kumeza jiwe. Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo mfumo unaosukuma magurudumu yote utaumia. Soma pia tarehe ya kutengenezwa, tarakimu nne zilizo mwishoni mwa msimbo wa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani huweza kuwa na meno marefu na mpira uliokwisha kukauka.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na abiria wake hahitaji kujua lolote kati ya haya. Lakini reli haipandi Mgeta. Kimhandu, kilele cha Uluguru, kinapita mita 2,600, miteremko ya mashariki hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na masika huanza Machi. Kama umenunua gari kutoka bandarini, lipeleke kwa fundi kabla ya hapo, mwambie ageuze matairi yote matano, la akiba likiwemo, na atafute ule mlima wenye chembe ya theluji. Ukionekana, vua.